Kubana matumizi ya nyumbani bila kujitesa: pima kwanza ndo ukate

Watu wengi wakiamua kubana matumizi wanaanza na vile vitu vidogo vinavyoonekana, chaja ya simu inachomolewa ukutani, sukari inapimwa kwa kijiko, watoto wanagombezwa kila dakika kuhusu taa, halafu mwisho wa mwezi bili iko palepale na mtu anakata tamaa anasema haya mambo ya kubana ni hadithi tu. Sio hadithi, ila umeziba pasipovuja. Msimamo wangu ni kwamba usikate kitu ambacho hujakipima, maana kwenye nyumba nyingi hela inatokea milango mitatu minne tu mikubwa, na hiyo ukiifunga vizuri mengine unaweza kuyaacha kabisa ukaendelea kunywa chai yako yenye sukari kwa amani.

Hatua ya 1: Mwezi mmoja wa kuandika, usibadilishe chochote

Andika kila hela inayotoka, kwenye daftari au kwenye simu, na uandike palepale unapolipa, maana ukisubiri jioni utakumbuka manunuzi makubwa na yale madogo madogo yote yatakuwa yameyeyuka. Usijitengenezee mafungu ishirini, utachoka wiki ya kwanza. Mafungu saba yanatosha: nyumba yenyewe (kodi au mkopo wa nyumba), chakula, umeme na nishati ya kupikia, maji, usafiri, simu na intaneti, madeni. Kisichoingia humo kiandike "mengineyo", na kama mengineyo yatakuwa makubwa kuliko chakula basi hapo tayari umeshapata jibu lako.

Mwezi ukiisha panga kuanzia kubwa kwenda dogo. Hiyo orodha ndo inakuambia uanzie wapi, sio mimi wala jirani yako. Na tuambiane ukweli, kama kodi peke yake inakula nusu ya kipato hakuna balbu itakayokuokoa, hapo hesabu ya kupiga ni kuhama au kugawana nyumba na mtu, na ukiipiga weka na nauli ndani, maana nyumba ya bei rahisi iliyo mbali na kazi inaweza kukurudisha kulekule.

Hatua ya 2: Umeme, jifunze hesabu moja tu

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko nyuma au chini kimeandikwa wati, zile W. Chukua wati, zidisha kwa saa unazotumia, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Basi. Hiyo hesabu ukishaijua hakuna mtu atakudanganya tena kuhusu kifaa gani kinakula.

Tuanze na chaja ya simu inayosemwa sana. Betri ya mAh 5,000 inabeba nguvu kama wati 19 za saa moja, weka na inayopotea njiani tuseme 25, ukichaji kila siku mwezi mzima hufikishi hata uniti moja. Sasa chukua heta ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 ameshatumia uniti 0.83, nyumba ya watu wanne kila mmoja akioga mara moja kwa siku ni kama uniti 100 kwa mwezi. Mia! Wakipunguza kutoka dakika 10 kwenda 5 mnaokoa uniti 50 bila kununua chochote, na hapo bado mtu anakimbizana na chaja. Kwa wanaooga maji ya ndoo, kupasha lita 15 kutoka nyuzi 20 mpaka 40 kunahitaji uniti kama 0.35, kwahiyo ndoo bado inaishinda heta ya dakika 10 kwa mbali.

Ndo maana nasema kanuni ya umeme ni hii: kinachotoa joto ndo kinachokula. Heta, birika la umeme, pasi, oveni, jiko la umeme, mashine ya kukausha nguo, mashine ya kufulia ikiwekwa kwenye maji moto. Vinavyotoa sauti, picha au mwanga vingi vinakula kidogo. Kwahiyo:

Birika jaza kiasi unachohitaji tu. Kuchemsha lita moja ya maji ni kama uniti 0.1, ukijaza birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja maji mengine unayapasha yapoe, halafu saa mbili baadae unayapasha tena. Chemsha mara moja, weka kwenye chupa ya chai, mchezo umeisha.

Pasi kusanya nguo upige siku moja, maana kila ukiiwasha kwa shati moja unalipia kupasha chuma upya. Anza na nguo zinazotaka joto dogo, malizia na ngumu, na zile mbili za mwisho zilizo laini piga ukiwa umeshazima, joto lililobaki linatosha.

Mashine ya kufulia tumia maji ya baridi kwa nguo za kawaida, sehemu kubwa ya umeme wake inaenda kupasha maji na sio kuzungusha nguo. Na ukiwa na kamba na upepo, mashine ya kukaushia iache ipumzike.

Balbu ni kweli zina maana lakini tu kama bado una zile za zamani za waya zinazochoma mkono. Ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku ni uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu uleule ni uniti 1.35. Ukishabadilisha zote, acha kugombana na watoto kuhusu taa, faida iliyobaki ni ndogo kuliko kelele.

Vile vitu vinavyolala bila kuzimika kabisa, hapo kuwa makini na vya zamani. King'amuzi kinachokula wati 10 muda wote hata TV ikiwa imezimwa ni uniti 7.2 kwa mwezi, kila mwezi, huku kila mtu akiwa amelala. Weka TV na ndugu zake wote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, usiku unabonyeza mara moja.

Friji ina habari yake maana haizimwi. Weka ndani iwe nyuzi 4, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, ukishusha zaidi ya hapo unalipa bure. Fungia karatasi mlangoni halafu uivute, ikitoka bila kubanwa basi ule mpira umechoka na baridi yako inatoka nje usiku na mchana, wakati mwingine kuusafisha na maji ya sabuni kunatosha, ukiwa umekufa badilisha mpira sio friji. Isogeze mbali kidogo na ukuta ipumue, isikae jirani na jiko, na ile nyavu ya nyuma ifute vumbi. Friza ikiota barafu nene iyeyushe, ila usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi ya ubaridi na hapo umeua friji yote. Chakula cha moto subiri kitoe mvuke kwanza, ila kisikae nje zaidi ya saa mbili, hasara ya tumbo ni kubwa kuliko ya umeme.

Hatua ya 3: Jikoni, moto mkubwa haupiki haraka

Hapa ndo watu wanachoma hela kwa macho yao. Maji yakishachemka hayapandi tena joto, ukiwa usawa wa bahari yanagota nyuzi 100 (milimani hata chini ya hapo) na hata ukifungulia gesi mpaka mwisho yatabaki hapohapo, unachoongeza ni mvuke tu. Kwahiyo moto mkubwa ni wa kufikisha kwenye kuchemka, baada ya hapo punguza mpaka uone vipovu vinapanda taratibu, chakula kitaiva kwa muda uleule. Funika. Mfuniko ni bure na hakuna kifaa kingine jikoni kinachookoa nishati kirahisi hivyo. Na moto usilambe pembeni ya sufuria, ule unaopita pembeni unapasha jiko na uso wako.

Gesi ikiwaka rangi ya njano na kuacha masizi kwenye sufuria ujue haiungui vizuri, zima, subiri ipoe, safisha vitundu vya jiko, unataka mwali wa bluu. Njano sio hasara ya hela tu, inatoa na hewa ya sumu, kwahiyo usiiache hivyo hivyo ukasema nitaona kesho.

Maharage na nafaka ngumu loweka usiku, asubuhi mwaga hayo maji, weka mapya, muda wa kupika unapungua sana. Ukiwa na presha kuka ndo raha zaidi, ndani inafika nyuzi 120 hivi kwasababu ya mgandamizo, kitu cha masaa mawili kinaisha chini ya nusu saa. Ni kifaa ghali kidogo lakini kwa nyumba inayopika maharage kila wiki mimi ningekinunua kabla ya kununua kingine chochote cha jikoni.

Huna hela ya presha kuka? Tengeneza kikapu cha joto. Chukua kikapu au boksi, tandika ndani blanketi la zamani au mito au nguo zilizochakaa pande zote na chini, iwe nene, acha katikati shimo la sufuria. Chemsha chakula, kikiwa kinatokota funika, tumbukiza sufuria humo, ifunike juu kwa mto mwingine, halafu usifungue. Usifungue kabisa, kila ukichungulia joto linatoka. Mchele ukishachemka dakika 5 hivi unamalizikia wenyewe humo kwa nusu saa au kidogo zaidi. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20 kwanza, kisha kikapuni masaa manne, halafu yarudishe motoni yachemke tena ndo uunge. Sufuria iwe karibu kujaa, iliyo nusu inapoa haraka. Na kitu chochote ukikifungua ukakuta ni vuguvugu tu usikile hivyo, kirudishe kichemke.

Halafu hili msilipuuze, maharage mekundu yasipochemka kwa nguvu angalau dakika 10 yana sumu yake ya asili inayotapisha vibaya sana, kwahiyo usiyaweke kwenye kikapu wala kwenye jiko la umeme la moto wa polepole bila kuyachemsha kwanza.

Hatua ya 4: Maji, tafuta uvujaji kabla ya kupunguza kuoga

Usiku watu wakishalala funga koki zote, piga picha mita, asubuhi kabla hakujatumika tone lolote piga tena. Namba zimesogea? Kuna sehemu inavuja. Mara nyingi ni choo, maana choo kinavuja kimya kimya. Weka rangi ya chakula au kahawa iliyokolea kwenye tenki la choo, usiflashi, subiri dakika 20, rangi ikitokea kwenye bakuli ujue ule mpira wa ndani haufungi, ni kitu kidogo cha bei ndogo na unabadilisha mwenyewe.

Koki inayodondosha weka glasi chini uone. Ikijaza glasi ya mililita 250 kwa nusu saa hiyo ni lita 12 kwa siku, lita 360 kwa mwezi, na mara nyingi tatizo ni kampira kadogo ndani ya koki. Kama tenki la choo ni lile kubwa la zamani, jaza maji chupa ya lita moja, funga, itumbukize humo mbali na floti, kila kuflashi kunapungua lita moja, nyumba inayoflashi mara 20 kwa siku ni lita 600 kwa mwezi. Usiweke tofali, linamung'unyika na vumbi lake linaharibu mipira.

Hatua ya 5: Chakula, hasara kubwa iko kwenye pipa la taka

Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, sio hotelini wala madukani. Majumbani peke yake ni wastani wa kilo 79 kwa mtu kwa mwaka. Kwahiyo kabla hujaanza kununua vitu vya bei ya chini visivyolika, acha kwanza kutupa ulichokwisha kulipia.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kutenga sehemu moja kwenye friji au kabati, mbele kabisa usawa wa macho, ya vitu vya kuliwa kwanza. Chochote kinachokaribia kuharibika kinakaa hapo, na anayeingia jikoni anaanzia hapo kabla ya kufungua kingine. Kabla ya kwenda kununua angalia hapo kwanza, panga milo ya siku tatu nne kutokana na kilichopo, halafu ndo uandike orodha ya vinavyopungua. Ukipanga wiki nzima kwa ukali sana siku ya tano mtu anakuja na mboga ya zawadi na mpango wote unavurugika na kitu kinaoza, kwahiyo acha siku moja au mbili tupu za kumalizia viporo.

Uhifadhi: viazi na vitunguu visikae pamoja, kila kimoja kinamharakishia mwenzake kuharibika, vyote vinataka giza na hewa ila mbali mbali. Ndizi mbivu zitoe karibu na matunda mengine na mboga za majani, zina hewa inayoivisha. Majani funga kwenye kitambaa au karatasi kavu ndipo uweke kwenye friji, unyevu ndo unaoyaozesha. Mkate usioisha kata vipande ugandishe siku ya kwanza, sio siku ya tano ukiwa umeshaota ukungu.

Tarehe za kwenye pakiti nazo watu wanazichanganya. Ile ya "bora kabla ya" ni ya ubora, bidhaa kavu ikipita kidogo inusie, itazame, mara nyingi ni nzima. Ile ya "tumia kabla ya", kwenye nyama, samaki na maziwa, hiyo iheshimu, usianze ujasiri hapo.

Kwenye bei usiangalie bei ya pakiti, angalia bei ya gramu. Gramu 400 kwa 1,200 ni 3 kwa gramu. Kilo moja kwa 3,200 ni 3.2 kwa gramu. Yaani pakiti kubwa ndo ghali hapo na imeandikwa kwa herufi nyekundu kama vile wamekupa zawadi. Kikokotoo kiko kwenye simu yako, kitumie hata kama mwenye duka anakuangalia. Na uzito nao uandike, maana watengenezaji wana tabia ya kuacha bei ileile na kupunguza gramu ndani, usipoandika huwezi kugundua.

Kununua kwa jumla ni vizuri kwa vitu vikavu visivyooza na ambavyo havikushawishi, chumvi, sabuni, mchele kama una chombo kisichoingiza wadudu. Biskuti za jumla sio kubana matumizi, zikiwa nyingi zinaliwa nyingi, zinaisha wakati uleule.

Hatua ya 6: Sabuni (fupi)

Watu wengi wanaweka sabuni mara mbili ya inayohitajika, kisha wanatumia maji mara mbili kuisuuza. Punguza robo, fua, angalia, punguza tena mpaka uone tofauti, rudi nyuma kidogo. Siki na magadi vinatosha kwa kazi nyingi za usafi, ila siki usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia hata siku moja, inatoa gesi ya sumu, unaweza kuzirai bafuni kwa ajili ya kuokoa hela ya dawa ya choo.

Hatua ya 7: Madeni na bili za kushtukiza

Ukikopa 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na kila mwezi ukawa unalipa riba tu, mwaka ukiisha umeshatoa 12,000 na bado unadaiwa 10,000 ileile. Kwahiyo hela ya kwanza unayookoa kwenye heta na jikoni usiikimbizie kwenye akiba inayokuzalia kidogo, peleka kwenye deni lenye riba kali kuliko yote, mengine lipa kiwango cha chini, ukilimaliza hilo unahamia linalofuata. Bakiza kiasi kidogo tu pembeni cha dharura ili simu ikianguka au mtoto akiugua usirudi kukopa kulekule.

Bili za mara moja kwa mwaka, ada, bima, leseni, matengenezo, zile sio dharura, unajua kabisa zinakuja. Jumlisha zote za mwaka, gawanya kwa 12, kama ni 120,000 basi weka 10,000 kila mwezi siku hiyohiyo ya kupata kipato, kabla ya kitu kingine, na ziwe sehemu tofauti na hela ya matumizi. Ukisubiri kuweka kinachobaki mwisho wa mwezi, hakibaki.

Pitia na makato yanayojikata yenyewe kwenye simu na benki, vifurushi na programu ulizojiunga ukazisahau. Fanya jioni moja, kata usichokitumia, ukikihitaji utajiunga tena.

Na ukishika haya usiyafanye yote wiki moja. Chukua fungu kubwa moja kutoka kwenye ile orodha ya mwezi wa kwanza, lishughulikie, soma mita mwezi unaofuata, waonyeshe wa nyumbani namba zenyewe. Mtu ukimwambia "tumeokoa uniti 50 kwenye kuoga" anaelewa haraka kuliko ukisimama mlangoni kumgongea.

Pasipobanwa

Breki za chombo cha usafiri, dawa alizoandika daktari, waya za umeme ndani ya ukuta, mpira na regyuleta ya gesi. Hapo usitafute cha bei ya chini wala cha mitumba. Mpira wa gesi angalia tarehe iliyochapwa juu yake na ukikuta umepasuka au umekakamaa badilisha hata kama gesi haijavuja bado. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye viungio ukiwa umefungua valvu na jiko limezimwa, ukiona vipovu vinakua funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na usiwashe jiko mpaka fundi aje.